Somo la Kiingereza katika Shule za Sekondari za Bukoba na Muleba: Mafunzo Yaliyokosa Majina

Utangulizi

Katika kazi ya kuunda na kusanifisha istilahi tumezoea kuanza na fani ambazo uhaba wake wa maneno unaonekana waziwazi, kama vile sayansi, sheria, uhandisi, tiba na benki. Ni mara chache mtu kufikiri kwamba somo la Kiingereza lifundishwalo katika shule za sekondari nalo lina haja ya istilahi za Kiswahili. Husemwa kuwa lugha ya kigeni hufundishwa kwa lugha hiyo hiyo, na kwa hiyo watu wa Kiswahili hawana la kusema hapo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba fikira hiyo ina kasoro, na kwamba kasoro hiyo imewagharimu wanafunzi wetu, wafasiri wetu na hata makarani wa ofisi za Serikali.

Hoja yetu ni hii. Tangu mwanzo, somo la Kiingereza katika shule za sekondari lilifundisha mambo mawili kwa pamoja. Jambo la kwanza ni lugha ya Kiingereza yenyewe, yaani maneno yake, matamshi yake na kanuni zake. Jambo la pili ni stadi za kuishughulikia lugha yoyote ile: kufupisha habari ndefu, kuchambua sentensi, kupanga hoja, kuandika barua ya kikazi, na kuhakiki kitabu. Jambo la kwanza ni mali ya Waingereza. La pili ni mali ya kila mwenye lugha. Lakini kwa kuwa mambo yote mawili yaliingia darasani yakiwa yamevaa majina ya Kiingereza tu, wanafunzi wengi waliyachukua kuwa ni kitu kimoja. Na walipotoka shuleni hawakuweza kuzihamisha stadi zile mpaka kwenye Kiswahili bila taabu.

Tumeichagua nchi ya Bukoba na Muleba, katika Mkoa wa Kagera, kuwa mfano wetu, kwa sababu historia ya shule huko ni ndefu, na kwa sababu mwanafunzi wa huko huingia darasani akiwa na lugha tatu: Luhaya cha nyumbani, Kiswahili cha taifa, na Kiingereza cha shule.

Shule na Lugha Zake

Wamisionari wa Afrika, ambao wananchi waliwaita Mapadri Weupe, walifika Kashozi mwaka 1892 wakitokea Buganda. Mwaka 1904 seminari ya Rubya ilianzishwa katika nchi ya Ihangiro, ambayo leo imo katika Wilaya ya Muleba, na mwaka 1917 mapadri wa kwanza Waafrika wa nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika walipata daraja kutokana na malezi ya seminari hiyo. Walutheri wa misheni ya Bethel walifika Bukoba mwaka 1910. Kwa hiyo, kabla Mwingereza hajaitwaa nchi katika Vita Kuu ya Kwanza, tayari watu wa Bukoba walikuwa wamekwisha kuijua shule, kitabu na mtihani.

Jambo la kuzingatia ni kwamba shule hizo za awali hazikuwa za lugha moja. Vitabu vya dini vya Kiganda vilitumika sana, kwa kuwa dini iliingia kwa njia ya Buganda. Seminarini Rubya wanafunzi walisoma Kilatini, lugha ambayo sarufi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha sarufi zote machoni mwa walimu wa Ulaya. Serikali ya Kijerumani nayo ilikuwa ikitumia Kiswahili katika utawala wake. Kiingereza kilikuja mwisho, lakini kilikuja na cheo. Chini ya utawala wa Kiingereza, Kiswahili kilipewa madarasa ya chini, na Kiingereza kikapewa madarasa ya juu. Na kadiri mtoto alivyopanda, ndivyo Kiswahili kilivyozidi kubaki nyuma yake.

Ilikuwa ni katika miaka hiyo hiyo ambapo Kiswahili chenyewe kilikuwa kikisanifishwa. Lahaja ya Unguja ilichaguliwa kuwa msingi mwaka 1928, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Lakini kamati hiyo ilishughulika zaidi na tahajia, kamusi na vitabu vya shule za msingi. Haikupewa kazi ya kutafuta maneno ambayo kwayo kijana wa sekondari angeweza kuzungumzia lugha kwa Kiswahili, kwa sababu haikutazamiwa kwamba kijana huyo angelizungumza jambo hilo kwa Kiswahili.

Kilichofundishwa Darasani

Shule za sekondari za Bukoba, kama vile Ihungo iliyokuwa ya Wakatoliki na Kahororo iliyokuwa ya Walutheri, zilifuata mtihani wa Cambridge kama shule nyingine zote za Afrika Mashariki. Mtihani huo ndio uliokuwa mwalimu mkuu wa kweli. Lililoulizwa katika mtihani lilifundishwa; lisiloulizwa liliachwa. Na uzito wa Kiingereza ulikuwa mkubwa kupita masomo mengine, kwa maana kwa miaka mingi mwanafunzi aliyeshindwa Kiingereza hakupata cheti, hata kama alifaulu vyema katika hesabu na jiografia.

Kazi za somo hilo zaweza kugawanywa katika mafungu matano. Fungu la kwanza lilikuwa kuandika kwa kusikiliza, ambako mwalimu husoma na mwanafunzi huandika, na makosa ya tahajia huhesabiwa. Fungu la pili lilikuwa uchanganuzi wa sentensi: kila neno lilitajwa aina yake, na kila sehemu ya sentensi ikatajwa kazi yake. Fungu la tatu lilikuwa kusoma kifungu cha habari na kujibu maswali. Fungu la nne lilikuwa kukifupisha kifungu hicho kwa idadi maalumu ya maneno bila kupoteza hoja zake. Fungu la tano lilikuwa kuandika habari ya mtu mwenyewe, ama masimulizi, ama maelezo, ama hoja, pamoja na barua za namna mbalimbali.

Tukiyatazama mafungu hayo kwa macho ya leo, tunaona kwamba karibu yote yana majina mazuri ya Kiswahili: imla, uchanganuzi, ufahamu, ufupisho na insha. Na tukichunguza asili ya majina hayo tunaona visima vitatu. Kisima cha kwanza ni Kiarabu, ambacho elimu yake ya lugha ilifika pwani yetu karne nyingi kabla ya mtihani wa Cambridge: imla, insha, sarufi na muhtasari yametoka huko. Kisima cha pili ni Kiswahili chenyewe, kwa njia ya kunyambua: kutokana na kutenda tumepata kitenzi, kutokana na kueleza tumepata kielezi, kutokana na kuunganisha tumepata kiunganishi. Kisima cha tatu ni lugha za Ulaya, na mfano wake ulio dhahiri ni nomino, neno lenye asili ya Kilatini, ambalo lilikuja kushika nafasi ya neno jina lililokuwa likitumika katika vitabu vya zamani vya sarufi.

Hapa msomaji aweza kuuliza: ikiwa majina yapo, ni kitu gani basi kilichokosekana? Jibu ni kwamba majina hayo hayakukutana na kazi zenyewe kwa wakati wake. Mwenye imla alikuwa chuoni akisoma Kurani. Mwenye kuandika kwa kusikiliza alikuwa Ihungo akisoma Kiingereza. Haikutokea mtu wa kuwakutanisha. Mwanafunzi wa Bukoba alijifunza kazi bila jina la Kiswahili, na jina la Kiswahili lilikaa pembeni bila kazi ya sekondari.

Matokeo yake yalionekana mara baada ya mwaka 1967. Mwaka huo Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alitangaza kwamba shughuli za Serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Na mwaka huo huo Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha Baraza la Kiswahili la Taifa. Maofisa na makarani waliofundishwa kufupisha taarifa ndefu kwa Kiingereza walitakiwa sasa kuandika dokezo kwa Kiswahili, kutoa waraka kwa Kiswahili, na kuweka kumbukumbu za vikao kwa Kiswahili. Stadi walikuwa nayo. Kilichowapungukia ni mazoea ya kuitumia stadi hiyo nje ya lugha waliyofundishiwa. Ndiyo maana katika majalada ya wakati ule hupatikana sentensi ambazo maneno yake ni ya Kiswahili lakini mpango wake ni wa Kiingereza kitupu.

Vitabu vya Fasihi

Sehemu ya pili ya somo ilikuwa fasihi. Kabla ya Uhuru, na kwa muda baada yake, vitabu vilivyosomwa vilikuwa vya Uingereza, na Shakespeare alikuwa mbele ya wote. Si haki kusema kwamba usomaji huo haukuzaa kitu. Mwaka 1963 Mwalimu Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaizari wa Roma, akaisahihisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Na mwaka huo huo wa 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi. S. S. Mushi alitafsiri Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969. Fortunatus Kawegere naye alikitafsiri kitabu cha George Orwell kwa jina la Shamba la Wanyama, kilichotolewa Nairobi mwaka 1967. Vitabu hivyo vilionyesha kwamba yaliyosomwa kwa Kiingereza yaweza kuzungumzwa kwa Kiswahili.

Kwa mtu wa istilahi, jina Mabepari wa Venisi peke yake ni somo. Neno bepari liliingia Kiswahili kutoka lugha za Kihindi likiwa na maana ya mfanyabiashara. Katika miaka ya Azimio la Arusha lilikuwa limekwisha kubeba maana nyingine, ya mwenye mtaji anayeishi kwa jasho la wengine. Mfasiri alipolichagua neno hilo badala ya wafanyabiashara, alizifanya maana zote mbili ziseme kwa mkupuo mmoja. Mwanafunzi wa Kiingereza aliyeisoma tamthilia hiyo kwa lugha zote mbili alijifunza jambo ambalo kitabu cha Kiingereza peke yake kisingemfundisha: kwamba kila neno la tafsiri ni uamuzi, na uamuzi huo una wakati wake na siasa yake.

Baada ya Uhuru orodha ya vitabu ilibadilika. Waandishi wa Afrika waliingia darasani: Chinua Achebe, Ngũgĩ wa Thiong'o, Okot p'Bitek, Ferdinand Oyono, Wole Soyinka. Riwaya ya kwanza ya Achebe ilitafsiriwa na Clement Ndulute kwa jina la Shujaa Okonkwo mwaka 1973. Baadaye zikaongezwa hadithi nyepesi za Kitanzania zilizoandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya vidato vya chini, zikiwamo za Richard Mabala. Mabadiliko hayo yalikuwa makubwa, lakini yalikuwa mabadiliko ya vitabu tu. Istilahi za kuvihakiki zilibaki zile zile za Kiingereza, na mifano iliyotumiwa kuzifafanua ilibaki ya Ulaya.

Hebu tuchukue mfano mmoja wa Bukoba. Mwanafunzi wa kidato cha tano anafundishwa kwamba kuna shairi refu la masimulizi juu ya shujaa, na mwalimu anamtaja Homer wa Ugiriki. Mwanafunzi anaandika, anakariri, anajibu mtihani. Kumbe nyumbani kwao kuna enanga, zeze la Wahaya ambalo mpigaji hulipiga huku akiimba habari za mashujaa kama Rukiza kwa muda mrefu. Kitu anachofundishwa amekwisha kukisikia kwa masikio yake, lakini hakuna aliyemwambia kwamba ni kitu hicho hicho, kwa sababu jina la Kiswahili la kuunganisha vitu hivyo viwili halikuwa mezani.

Kazi ya kuleta jina hilo ilifanywa na wataalamu wetu wenyewe. M. M. Mulokozi aliziandikia tenzi hizo za nanga tasnifu ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986, na mwaka 1989 akachapisha katika jarida la Mulika makala juu ya tanzu za fasihi simulizi ambayo hadi leo walimu wengi huitegemea. Hata hivyo tatizo halikwisha. Neno utenzi, au utendi, pwani hutambulisha umbo: beti za mistari mifupi minne, kwa kawaida yenye mizani minane. Enanga haitambulikani kwa beti wala mizani hiyo. Inatambulikana kwa shujaa wake, kwa masimulizi yake na kwa utendaji wa mpigaji mbele ya watu. Wapo wanaopendekeza utenzi liwe jina la umbo, na utendi liwe jina la masimulizi ya shujaa. Pendekezo hilo lina manufaa, lakini halitaenea madarasani ikiwa walimu wa Kiingereza, ambao ndio wanaolifundisha jambo lenyewe kila mwaka, hawashirikishwi.

Nyakati za Luhaya, za Kiswahili na za Kiingereza

Tugeukie sasa sarufi. Hakuna sehemu ya somo la Kiingereza inayochukua saa nyingi kuliko nyakati za vitenzi, na hakuna sehemu inayoonyesha vizuri zaidi hasara ya kupuuza lugha aliyokuja nayo mwanafunzi.

Luhaya kina nyakati zilizopita tatu. Tuchukue kitenzi kukoma, ambacho katika Luhaya maana yake ni kufunga kwa kamba, wala hakihusiani na kukoma kwa Kiswahili. Mhaya akisema twakoma, amefunga mapema leo hii. Akisema tukomile, alifunga jana. Akisema tukakoma, alifunga siku zilizopita kabla ya jana. Kiswahili hakina mgawanyo huo: tulifunga yatosha kwa leo, jana na mwaka juzi. Kiingereza nacho kina umbo moja la wakati uliopita, lakini kina pia umbo timilifu ambalo halikubali kutajiwa siku kama jana.

Katika madarasa mengi mwalimu hufupisha njia kwa kusema kwamba -li- ndiyo wakati uliopita wa Kiingereza na -me- ndiyo umbo timilifu. Kanuni hiyo husaidia kwa siku mbili tatu, kisha hupotosha. Tunaposema mtoto amelala, hatutaji tendo lililokwisha. Tunataja hali aliyo nayo sasa. Tunaposema mzee amevaa kanzu nyeupe, ni vivyo hivyo. Mwanafunzi anayefuata kanuni ya mwalimu hutoa Kiingereza kinachosema kwamba mtoto alikwisha kulala na pengine ameamka. Kosa si la mwanafunzi. Kosa ni la kutokuwa na istilahi mbili zilizo wazi, moja ya kutaja mahali pa tendo katika wakati, na nyingine ya kutaja hali ya tendo lenyewe, kama limekwisha, linaendelea au limeacha matokeo.

Istilahi hizo sasa zipo. Wanaisimu wetu wametupa njeo kwa ile ya kwanza, na hali kwa ile ya pili, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha mwaka 1990. Mwalimu wa Muleba aliye na maneno hayo mawili aweza kumwambia mwanafunzi wake kwamba Luhaya kina njeo tatu zilizopita, Kiswahili kina moja, Kiingereza kina moja, na kwamba -me- ni jambo la hali zaidi kuliko njeo. Mwanafunzi huyo haanzi tena na upungufu. Anaanza na ujuzi, kwa kuwa lugha ya mama yake ina mgawanyo ambao Kiingereza hakina.

Hali ni hiyo hiyo katika matamshi. Luhaya hakitenganishi sauti za r na l kuwa sauti mbili za kubadili maana. Ndiyo sababu tunaona Luhaya na Ruhaya, Ihangiro na Ihangilo, yote yakiandikwa. Katika Kiswahili tofauti hiyo hubadili maana, kama kula na kura, au mahali na mahari. Na katika Kiingereza ni vivyo hivyo. Mwanafunzi huchekwa kwa jambo ambalo lingeelezwa kwa dakika tano kama mwalimu angekuwa na jina la kuliitia. Jina hilo ni fonimu, na halina ugumu wowote kwa kijana wa kidato cha pili.

Neno Moja, Kazi Nyingi

Isidhaniwe kwamba kila kitu kilikwisha kwa kuwa maneno yapo. Baadhi ya maneno yamebebeshwa mzigo kupita kiasi, na mwalimu wa lugha ndiye anayeuhisi mzigo huo kwanza.

Mfano wa kwanza ni muhtasari. Darasani ni kifungu kilichofupishwa. Ofisini, kwa watu wengi, ni kumbukumbu za kikao. Katika mambo ya elimu ni kijitabu kinachoeleza mada za kufundishwa katika somo, na ndiyo maana husikika watu wakitaja muhtasari wa somo la Kiingereza. Basi mwalimu akimwambia mwanafunzi aandike muhtasari wa kifungu kilichomo katika muhtasari, na mkuu wa shule akamwambia alete muhtasari wa kikao, neno moja linafanya kazi tatu katika siku moja. Hapo hapo pana neno mtaala, ambalo kwa Tanzania lina maana pana zaidi ya mada za somo moja, nalo huandikwa pia mtalaa kwa majirani zetu wa Kenya.

Mfano wa pili ni dhamira. Katika uhakiki wa fasihi ni wazo kuu ambalo mwandishi analijenga, na wanafunzi wote wa sekondari wanalijua kwa maana hiyo. Katika sarufi baadhi ya wataalamu wamelitumia kwa namna ya kitenzi inayoonyesha amri, matakwa au uhakika. Mwanafunzi wa Kiingereza hukutana na mambo hayo mawili katika somo moja na pengine katika wiki moja. Tukimpa neno moja kwa yote mawili, tunamwongezea kazi tulizokusudia kumpunguzia.

Mabadiliko ya Sera na Uzito wa Jambo

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka chini ya Serikali shule nyingi zilizokuwa za madhehebu, zikiwamo Ihungo, Kahororo na ile ya wasichana ya Rugambwa, iliyopewa jina la Kardinali Laurean Rugambwa, mzaliwa wa nchi hiyo. Tanzania ilijitoa katika mitihani ya pamoja ya Afrika Mashariki mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa mwaka 1973. Elimu ya msingi ilikuwa imekwisha kuwekwa katika Kiswahili tangu mwaka 1967. Ikatazamiwa kwamba sekondari nayo ingefuata. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza hivyo mwaka 1982, na kutaja mwaka 1985 kuwa mwanzo. Lakini mwaka 1983 Serikali ilitangaza kwamba Kiingereza kitaendelea. Uchunguzi wa Criper na Dodd wa mwaka 1984 ulionyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi hakikutosha kusomea, na badala ya kubadili lugha ukaanzishwa mpango wa kukiimarisha Kiingereza. Sera ya 1995 iliendeleza Kiingereza katika sekondari. Ile ya 2014 ilifungua mlango kwa lugha zote mbili. Na toleo lake la 2023 limekibakiza Kiingereza sekondari.

Hatukusudii kuufufua mjadala huo hapa. Tunalotaka kuonyesha ni kwamba, mjadala ukienda upande wowote ule, mwanafunzi wa kidato cha kwanza anabaki na tatizo lile lile. Katika shule ya msingi amejifunza nomino, kitenzi, kivumishi na kielezi. Amefanya imla, amejibu maswali ya ufahamu, ameandika insha. Anapoingia sekondari anakuta vitu hivyo hivyo vimebadilishwa majina yote, wala hakuna anayemwambia kwamba ni vile vile. Hujiona hajui kitu, ilhali anakijua nusu yake. Wiki chache za mwanzo wa kidato cha kwanza, ambazo hutengwa kwa ajili ya kumzoesha Kiingereza, huishia katika kukariri majina mapya ya ujuzi wa zamani.

Zamani wanafunzi waliofika Ihungo au Kahororo walikuwa wachache waliochujwa, na wengi wao waliweza kuvuka pengo hilo kwa juhudi zao wenyewe. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004, shule za kata zimeenea hadi vijijini, na tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za Serikali hadi kidato cha nne. Mtoto wa kijiji cha Muleba, ambaye Kiingereza hakisikii popote ila darasani, sasa yumo sekondari pamoja na mtoto wa mjini. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini limefanya lile pengo la majina, ambalo lilikuwa taabu ya wachache, liwe taabu ya wengi.

Hitimisho na Mapendekezo

Kutokana na yaliyoelezwa hapo juu, tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, kila kitabu cha Kiingereza cha kidato cha kwanza na cha pili kiwe na orodha fupi ya istilahi za somo hilo kwa Kiswahili na Kiingereza, zikiwa zimepangwa sambamba, kuanzia zile ambazo mwanafunzi amezikuta shule ya msingi. Orodha ya istilahi sitini au sabini yatosha. Kazi ya kuzithibitisha ni ya Baraza, na kazi ya kuziingiza vitabuni ni ya Taasisi ya Elimu.

Pili, maneno yenye mizigo mingi yagawanywe kazi. Muhtasari libaki kwa mada za somo, ufupisho litumike kwa zoezi la darasani, na kikao kiwe na kumbukumbu zake. Dhamira liachiwe wahakiki wa fasihi, na wanasarufi watafute neno lao.

Tatu, walimu wa Kiingereza waalikwe katika kamati za istilahi za lugha na fasihi. Hadi sasa kamati hizo zimekuwa za watu wa Kiswahili peke yao, kana kwamba wenzao wanaofundisha insha na uhakiki kwa lugha nyingine hawana la kuchangia. Mwalimu aliyefundisha njeo kwa miaka ishirini mbele ya wanafunzi Wahaya anajua mahali ambapo istilahi inafaa na mahali ambapo inateleza.

Nne, mifano itokayo katika lugha za makabila yetu isiogopwe. Kumweleza mwanafunzi njeo tatu za Luhaya si kurudisha ukabila, wala si kukipunguzia Kiswahili hadhi yake. Ni kumwonyesha kwamba lugha zote zina mpango, na kwamba Kiswahili ndicho chombo kinachoweza kuizungumzia mipango hiyo yote, ya Bukoba na ya London, kwa maneno yanayoeleweka na Mtanzania yeyote.

Wafasiri na walimu wanaosoma jarida hili wanaombwa walete orodha za maneno wanayoyatumia katika madarasa na ofisi zao, hata yale ambayo hayajapata kibali, pamoja na sentensi zinazoonyesha jinsi yanavyotumika. Istilahi zitakazokusanywa kwa njia hiyo zitafikishwa mbele ya kamati, zijadiliwe, na zile zitakazokubaliwa zitangazwe.